Picha Iliyofutwa

Familia moja ya Kambove ina picha nyingi za mzee wao, zote za usiku mmoja, na hakuna hata moja inayoonyesha uso wake. Mahali pa uso pana kivuli, au doa jeupe, au nyuso mbili zilizopandana. Picha moja tu ilimtoa mzee vizuri. Hiyo ilifutwa usiku uleule, na aliyeifuta ndiye aliyeipiga.

Hadithi hii nimeitunga kwa ajili ya funzo, na watu wake siwapi majina. Makosa yaliyomo sikuyatunga. Yanatokea popote mtu anaposimama gizani na kamera ndogo ya mfukoni, akiamini kwamba kwa kuwa kamera inajiendesha yenyewe, na giza italishughulikia yenyewe.

Kambove iko Katanga, nchini Kongo, kaskazini-magharibi mwa Likasi, mwendo wa kilomita zipatazo 25. Reli kutoka Lubumbashi, wakati huo ikiitwa Élisabethville, ilifika hapa mwaka 1913 kwa ajili ya shaba, na tangu hapo mji umeishi kwa mgodi: kwanza Union Minière, kisha Gécamines. Mzee wetu alikuwa mtu wa chini ya ardhi. Mwaka 2003, Gécamines ilipokuwa haiwezi tena kulipa mishahara, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia, kila mmoja na fungu lake la pesa, na yeye alikuwa mmoja wao. Pesa ziliisha. Alibaki na nyumba, na kikohozi, na wajukuu.

Mwezi wa saba, mjukuu wake wa kike alifaulu Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Anayejua Kongo anajua siku hiyo inavyokuwa. Matokeo yanaingia kwa simu, kelele inaanzia nyumba moja na kuhamia ya pili, na aliyefaulu anamwagiwa poda nyeupe kichwani mpaka nyusi zinapotea. Watu wanaimba barabarani. Habari ilifika jioni, jua likizama, na katika nchi zetu zilizo karibu na ikweta jua likizama halikawii: saa kumi na mbili bado unaona rangi ya kitenge, saa kumi na mbili na nusu huoni hata aliyekivaa. Umeme ulikuwa umekatika. Si mbali kutoka hapo, Mwadingusha, maporomoko ya mto Lufira yanazalisha umeme tangu 1930, na nyaya kubwa zinapita juu ya vichwa vya watu kuelekea migodini. Lakini uani kwa mzee mwanga ulikuwa wa mbabula moja yenye makaa, na taa ya kichwani ya mjukuu mwingine, mchimbaji wa mikono, aliyekuwa ametoka machimboni.

Wakamwita kijana wa mtaani mwenye kamera. Ilikuwa ile ya kawaida, inayoingia mfukoni, lensi inatoka ukiiwasha, betri mbili ndogo za kununua dukani. Kijana alikuwa na sifa nzuri. Picha zake za mchana, za ubatizo na za harusi, watu walizitundika sebuleni. Usiku alikuwa hajawahi kuufikiria kama kazi tofauti.

Alisimama langoni ili uwanja wote uingie, akawasha flashi, akapiga. Akaona watu wamekuwa wadogo. Badala ya kusogea, akavuta zumu. Hapo alikuwa ameshapoteza sehemu kubwa ya picha, na hakuna kilichomwambia. Lensi ya kamera kama ile ikiwa haijavutwa inaingiza mwanga wa kutosha kiasi. Ukiivuta mpaka mwisho, tundu linabana, na mwanga unaoingia unaweza kubaki robo. Mchana robo inatosha. Usiku ni kama kuziba jicho kwa kidole. Tena ukivuta zumu, kila mtikisiko wa mkono unakuzwa pamoja na uso unaoufuata.

Kuna pia jambo la flashi yenyewe. Taa ile ndogo ina nguvu ya mita tatu hivi, nne ukibahatika, na nguvu hiyo haishuki polepole. Umbali ukiwa mara mbili, mwanga unabaki robo. Ukiwa mara tatu, unabaki sehemu moja ya tisa. Kijana aliposogea hatimaye, watoto walikuwa wamejipanga mbele, mita moja na nusu kutoka kwenye lensi. Mzee alikuwa amekaa nyuma ukutani, mita nne na nusu, kwa sababu hapo ndipo kiti chake kinapokaa siku zote na hakuna aliyemwambia asogee. Watoto wakapata mwanga mara tisa ya alioupata mzee. Isitoshe, vichwa vya mbele vilikuwa vyeupe kwa poda. Kamera inapima wastani wa mwanga unaorudi. Ikiona weupe mwingi inadhani umezidi, inapunguza flashi. Aliyeumia ni mwenye ngozi nyeusi, mwenye koti jeusi, aliyekaa mbali.

Poda nayo ilikuwa hewani, pamoja na vumbi jekundu la kiangazi na moshi wa mbabula. Flashi ya kamera ndogo imekaa sentimita chache tu kutoka kwenye lensi, kwa hiyo inaangaza chembe zinazoelea mbele kabisa na kuzirudisha kama madoa ya mviringo. Wengine wakiyaona madoa hayo husema ni mizimu imekuja kwenye sherehe. Ni vumbi. Lakini doa lililokaa juu ya uso wa mtu limekaa, na studio ya Likasi haina dawa ya kuliondoa.

Kosa lililofuata ndilo linalonisikitisha zaidi, kwa kuwa lingezuiwa kwa sentensi moja. Kamera ilikuwa imewekwa kuzuia macho mekundu. Wekundu ule ni damu ya nyuma ya jicho inayoangazwa na flashi wakati mboni imepanuka kwa giza. Ili kuupunguza, kamera inatoa mwako mmoja au miako kadhaa ya kwanza, mboni zibane, kisha ndipo inapiga kweli. Watu hawakuambiwa. Walipoona mwako wa kwanza walidhani kazi imeisha: huyu akageuka kucheka na jirani, yule akainuka, mzee akainamisha kichwa kukohoa. Picha ikachukuliwa wakati huo. Kijana angesema tu, “Bado, msiondoke mpaka niseme,” nusu ya picha zake zingepona.

Betri zikaanza kuchoka. Flashi inakula sana, na betri za bei nafuu zikichoka flashi inachukua muda mrefu kujaa. Kijana akaizima flashi apumzishe betri, akaweka kamera juu ya kreti ya bia huku akipangusa mikono. Mjukuu wa kike akaenda kuchuchumaa kando ya babu yake. Yule mchimbaji akageuka kuwaangalia, na taa ya kichwani mwake ikagonga ukuta uliopakwa chokaa, mwanga ukarudi laini juu ya nyuso mbili. “Nkambo, angalia hapa,” akasema msichana. Mzee akatulia, kama watu waliofanya kazi gizani wanavyojua kutulia. Kijana, bila kuinua kamera kutoka kwenye kreti, akabonyeza.

Mlango wa kamera ulikaa wazi kwa muda mrefu, labda robo ya sekunde, labda nusu. Mkononi hiyo ingekuwa picha ya kutupa. Juu ya kreti haikutikisika. Msichana aliiona kwenye kioo kidogo cha nyuma, akasema kwamba Nkambo ametoka vizuri. Kijana aliitazama na kuona giza. Alikuwa ametoka kutazama picha za flashi, nyeupe na kali, na hii kando yao ilionekana kama imeshindwa. Kadi yake ilikuwa inajaa. Akaifuta, akaendelea kupiga.

Asubuhi, kwenye kompyuta ya studio, mambo yaligeuka. Kioo kidogo cha kamera kinadanganya usiku kwa njia mbili. Jicho lililozoea giza linaona kila kitu kwenye kioo kuwa angavu kuliko kilivyo, hivyo picha mbovu zinaonekana nzima. Na kwa udogo wa kioo, mtikisiko hauonekani mpaka uikuze picha. Zile alizozitunza zilikuwa zimetikisika au zimeungua mbele na kufa nyuma. Fundi wa studio akajaribu kuzing’arisha. Kutoka kwenye giza la nyuma hakutoka uso, zikatoka chembechembe za rangi tu.

Hili natamani kila mwenye kamera ndogo alishike. Picha yenye giza kidogo lakini iliyotulia bado ina kila kitu ndani yake. Mwanga unaweza kuongezwa baadaye kwa programu yoyote ya kawaida, hata ya simu. Picha iliyotikisika haina tiba. Mistari ya uso imeshachanganyika. Kati ya picha mbili, moja nyeusi kidogo na moja angavu lakini ina ukungu, tunza ile nyeusi. Tena usifute chochote usiku. Kununua kadi ya pili ni gharama ndogo kuliko unavyodhani. Na kama umeshafuta kwa bahati mbaya, toa kadi hapohapo na usipige nayo tena, kwa sababu kufuta kunaondoa jina la faili tu kwenye orodha. Picha yenyewe inabaki mpaka nyingine iandikwe juu yake, na kuna programu zinazoweza kuirudisha. Kijana wetu alikuwa ameshaandika nyingine juu yake.

Mzee alifariki kabla ya mvua kwisha. Kwenye kilio chetu cha Katanga picha ya marehemu ina kazi. Inasimama kwenye fremu karibu na jeneza, wanaofika wanaisalimia, na wanaotoka mbali, waliomwona mara ya mwisho miaka mingi iliyopita, wanamtambua kupitia hiyo. Familia ikatafuta. Zikaja zile za usiku wa Exetat, mama mmoja akazirudisha ndani upesi kabla watoto hawajaziona. Mwishowe wakachukua kadi yake ya mpiga kura, ambayo huku kwetu ndiyo kitambulisho cha wengi, picha yake ikiwa imeanza kuchujuka, wakaipeleka Likasi ikuzwe. Ndiyo iliyosimama siku zote za kilio: mzee ametazama mbele kwa amri ya afisa, nusu ya uso imefifia. Msichana alikuwa anajua kwamba ilikuwepo nyingine, na alimweleza kila aliyeketi naye jinsi ilivyokuwa.

Simlaumu kijana kwa kukosa kamera kubwa. Kamera kubwa ingemsaidia, ni kweli. Ndani ya kamera ya mfukoni kipande kinachonasa mwanga kina upana wa milimita 6 hivi na kimo cha milimita 4 na nusu, wakati fremu ya filamu ya kawaida ilikuwa milimita 36 kwa 24, karibu mara 30 kwa eneo. Ni kidirisha kidogo sana cha kupokea mwanga hafifu. Lakini Malick Sidibé wa Bamako alianza na Brownie Flash ya Kodak, kamera ya watu wa kawaida kabisa, na Jean Depara, aliyezaliwa Angola mwaka 1928 na kufanya kazi Kinshasa, aliacha picha za baa na klabu za usiku za miaka ya 1950 na 1960 ambazo dunia bado inazitazama. Ziangalie picha zao za usiku: watu wako karibu, wanajaza fremu. Wapigaji hao walijua flashi inafika wapi, wakaenda wao.

Kwa mwenye kamera ndogo, basi, kazi inaanza kabla ya kuigusa. Simama uani uulize: mwanga uko wapi? Ukiupata, walete watu kwake. Usiwafuate gizani na flashi. Taa ya kichwani ya mchimbaji ikimulika uso moja kwa moja inatisha, inachimba mashimo ya macho. Ikigeuziwa ukuta mweupe au shuka iliyotandazwa, mwanga unarudi mpana na wa huruma. Wazee mbele, watoto nyuma wamesimama, sio kinyume chake. Kamera iwekwe juu ya kitu: kreti, dirisha, kiti, mfuko wa mchele unaokubali kubonyea. Kipima muda kiwekwe sekunde 2, ili kidole kiwe kimeshaachia wakati mlango unafunguka. Zumu usiiguse. Waambie watu wavute pumzi na watulie, wewe uhesabu kwa sauti. Kamera nyingi za aina hii zina alama ya mtu na nyota, ambayo hutoa flashi kidogo huku ikiacha mlango wazi muda zaidi ili na nyuma pia paonekane; ni nzuri sana kamera ikiwa imeegeshwa, na ni mbaya sana mkononi. Na kama kamera inakataa kulenga gizani, ielekeze kwanza penye ukingo wa mwanga ulio umbali uleule na watu, bonyeza kitufe nusu, kisha rudi kwao bila kukiachia.

Ukilazimika kutumia flashi, kaa mita mbili au tatu, safu moja ya watu, na poda iwe imetulia chini. Poda ni furaha, nami nisingependa nyumba yoyote ya Kongo iikose. Isubiri dakika chache tu. Mama wa nyumba atasema watoto wamechangamka, piga sasa. Mjibu kwa heshima: “Mama, ngoja kidogo, nataka uso wa Muzee uonekane.” Ukimtaja mzee, watu watangoja.

Karibu na mgodi kuna onyo la aina nyingine. Flashi usiku inaonekana mbali, na uzio wa mgodi una walinzi ambao hawajui kwamba ulikuwa unampiga picha shemeji yako. Geuzia mgongo uzio, au usitumie flashi kabisa.

Ndani ya eneo hilihili la Kambove iko Shinkolobwe, ambako urani iligunduliwa mwaka 1915. Mwanasayansi Henri Becquerel alikuwa ameonyesha Paris, mwaka 1896, kwamba chumvi ya urani ikifungiwa droo moja na bamba la picha, bila jua, inaacha alama juu yake. Kwa hiyo nchi hii ina jiwe linaloandika picha gizani. Linaandika umbo lake lenyewe tu, na linamdhuru anayelibeba mfukoni. Nyuso za watu wetu zinahitaji mwanga mwingine, na mtu wa kuuandaa.

Na nyuso hizo hazijapata watu wengi wa kuziandalia mwanga huo. Makampuni ya shaba yalipiga picha nyingi za wafanyakazi wao, kwa mahitaji ya makampuni. Sammy Baloji, mpiga picha mzaliwa wa Lubumbashi, alizichukua picha za kale za aina hiyo na mwaka 2006, katika kazi yake iitwayo Mémoire, akawasimamisha watu wale upya mbele ya magofu ya viwanda vya Gécamines. Ukisimama mbele ya picha zile unawatazama usoni watu wa enzi za babu zetu, wamesimama wima, wengi wao bila jina, kwa sababu aliyepiga hakuwa na haja ya kuliuliza.

Kama nyumbani kwenu yupo mzee, usingoje sherehe wala usiku. Nenda kesho saa kumi alasiri na kamera hiyohiyo ndogo. Weka kiti mlangoni, hatua moja ndani ya kivuli, uso ukitazama nje, flashi imezimwa, kamera juu ya kiti cha pili. Piga kadhaa, usifute. Kisha muulize majina yake yote, kijiji alichotoka, mwaka alioingia kazini na sehemu aliyofanya kazi, na ukishasafisha picha Likasi, uandike hayo nyuma yake kwa kalamu isiyofutika, umpe aisome mwenyewe kama umeyapata sawa.